Hifadhi ya data za akiolojia: picha safi, ramani ovyo

Haki yao wenye hifadhi hii niwape kwanza: picha za vigae, yaani vipande vya vyombo vya kale vya udongo, ni safi mno. Kila kipande kimepigwa pande zote mbili, rula ya sentimita iko pembeni, hata mikwaruzo ya kauri za Kichina inaonekana. Kwa hilo nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Nikapakua ramani ya mashimo ya uchimbaji ya pwani ya Mombasa. Faili za .shp, .shx na .dbf zimo. Ya .prj haimo, na hiyo ndiyo inayoiambia programu koodineti, yaani namba za mahali, zimepimwa kwa mfumo gani! Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. GPS ya simu hutumia mfumo wa WGS84. Ukiichanganya mifumo hiyo, kila nukta inahama takriban mita 300. Mashimo ya nchi kavu, ya Mji wa Kale, yakanitokea majini.

Nikawaandikia kwa adabu kuiomba faili hiyo tu. Nikajibiwa: "Hayo ni mambo ya wataalamu, wewe tazama picha." Jamani! Mtu aliyezaliwa mitaa hiyo hana haki ya kujua wapi pamechimbwa? Kama hofu ni wezi wa vitu vya kale, njia inajulikana: umma upewe digrii zenye desimali mbili, yaani usahihi wa kama kilomita moja, na mtaalamu aombe namba kamili kwa barua. Wao namba kamili wamezimwaga hadharani, kisha wakanyima ufunguo wake. Mwizi hajazuiwa, msomaji ndiye aliyezuiwa.

Aliyekwama afanye hivi kwenye QGIS, programu ya ramani: aitambulishe leya (tabaka la ramani) kuwa EPSG:21037, namba ya Arc 1960, aweke picha ya setilaiti chini yake, na nukta zisipokaa juu ya kuta ajaribu 32737, ya WGS84. Ni kuitambulisha tu. Akiigeuza leya kwenda mfumo mwingine kabla ya kujua mfumo wake wa asili, kosa linaganda ndani ya faili. Jedwali la tabaka za udongo uliochimbwa nalo lina mtego: likifunguliwa moja kwa moja kwa Excel, tabaka "3-4" linageuka tarehe. Safu hiyo iingizwe kama maandishi.

Basi nyota moja, nayo ni ya mpiga picha, si ya aliyenijibu. Ingawa kwa vigae vya pwani sijaona hifadhi inayoishinda hii, na picha nitaendelea kuzipakua. Ramani yao msiitegemee kwa kazi yoyote mpaka .prj iwekwe.