Miyajima nampa nyota zote, waliotupeleka Naoshima hapana

Sijui nianzie wapi maana nikikumbuka tu napandisha. Mi nililipia tripu ya siku moja kwenda kisiwa cha Naoshima, Japani, kwa ajili ya kitu kimoja tu, Kadoya, ile nyumba ya mbao ya kizamani pale kijijini Honmura, ina kama miaka 200. Ndani msanii wa Kijapani Tatsuo Miyajima kaweka bwawa la maji machache, na humo majini kuna namba 125 za taa za LED, kila moja inahesabu 1 mpaka 9 kwa mwendo wake, sifuri hutaiona, inazima tu, giza, halafu inaanza upya. Na huo mwendo walipanga watu wa kisiwani wenyewe mwaka 1998, kila mtu na namba yake.

Basi unaingia gizani, macho yanachukua muda kuzoea, nikaing'ang'ania namba moja ya pembeni, wenzake wanakimbia balaa, yeye anakwenda taratibu kama hadaiwi na mtu. 5. 6. Nikasema huyu mzee (nimeshaamua ni mzee) namsubiri mpaka azime. 7. 8. Ikafika 9, na hapo hapo mwongoza wageni wetu akawasha tochi ya simu! Jamani, tochi! Mle ambamo hata picha hairuhusiwi! Eti anatuhesabu tusipotee. Nikamwomba kistaarabu azime, akanijibu kavu kabisa kwamba hizo ni taa tu, mmeshaziona, tokeni feri itatuacha. Taa tu! Mtu analipwa kuleta watu hapo! Na hiyo feri yenyewe tukaisubiri bandarini Miyanoura mpaka njaa ikatuuma.

Nilitaka niwape sifuri, ila Miyajima mwenyewe sifuri haiweki, kwa hiyo chukueni moja. Haki isemwe lakini, bila wao nisingejua kwamba ukishuka treni Uno, bandari ya ng'ambo, feri mpaka kisiwani ni kama dakika 20 tu, unaenda mwenyewe bila kusukumwa na mtu, kwa hiyo mbili basi. Aah hapana, moja, ile tochi siwezi.

Nimewaandikia wanirudishie hela, wakanitumia kuponi ya punguzo kwa tripu ijayo, yaani nimeitukana hiyo kuponi wee, ila sijaifuta, maana nimeona ratiba yao inapita Honmura tena. Nikienda simu ya yule bwana naishika mimi kuanzia mlangoni.