Mafia wakati wa masika: msiisingizie mvua

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo acha niliandike maana kuna mtu kaniuliza kama ile gesti tuliyofikia kisiwani Mafia ni nzuri, na hasira yote ikarudi upya kama vile ilikuwa jana.

Tulienda watu sita, marafiki wa tangu chuo, mwezi wa nne, mwaka juzi kama sikosei. Masika yenyewe. Kila tuliyemwambia alisema tumechanganyikiwa. Hoteli nyingi za kule Utende zinafunga Aprili na Mei, papa potwe, wale papa wakubwa wanaofuatwa na watalii, msimu wao ni Oktoba mpaka Machi kwa hiyo tulijua hatuwaoni, njia za vijijini tope. Yote tuliyajua na tukaenda hivohivo, tulitaka kisiwa kikiwa kimetulia, hamna foleni ya watalii, sisi na bahari basi.

Na kisiwa kilitupa tulichokifuata, hilo niliseme mapema kabla sijapandwa. Tulipita Nyamisati huku bara tukachukua feri, mvua inanyesha juu ya mikoko ya Rufiji mpaka hujui mto unaishia wapi na bahari inaanzia wapi. Getini kwenye hifadhi ya bahari tulilipa kiingilio tukapewa risiti, dada wa pale mchangamfu kabisa. Siku iliyofuata tukavuka kwenda kisiwa kidogo cha Chole kuangalia popo, wale wakubwa wanaokula matunda, wananing'inia mchana kweupe juu ya mti wamejifunga mabawa kama kina mama waliojitanda khanga wakisubiri mvua ikatike. Tulikaa chini ya ule mti karibu saa nzima tunalowa na hakuna aliyesema tuondoke.

Sasa Kua. Hapo ndo penyewe.

Kua ni magofu ya mji wa zamani kwenye kisiwa cha Juani, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, watu wengi wakachukuliwa utumwa. Gesti ndo ilituuzia hiyo safari, boti yao, nahodha wao, tukalipa yote jana yake usiku. Tukaondoka alfajiri, tukafika kama saa moja na nusu, nahodha akatushusha akasema anaenda kuchukua wageni wengine, saa tatu atakuwa hapa, mabegi acheni kwenye boti msihangaike nayo. Tukaacha. Makoti ya mvua, maji ya kunywa, chakula, kila kitu kikabaki humo.

Mwanzoni hata hatukujali. Kua kwenye mvua jamani sijui niwaelezeje. Zile kuta za mawe ya matumbawe zikilowa zinakuwa nyeusi, mizizi imeukumbatia ukuta wa jumba la mfalme utafikiri ndo inayoushikilia usianguke, misikiti imebaki kuta tupu, makaburi, mibuyu, na hakuna mtu mwingine hata mmoja. Tulikuwa tunaongea kwa kunong'ona bila kuambizana.

Saa tatu tukarudi ufukweni. Bahari haipo. Yaani pale tuliposhukia kwenye maji ya magoti ni matope na mawe mpaka mbali kabisa, boti hata ingekuja isingeweza kusogea. Na simu haishiki. Mvua nayo ikaongezeka, ile ya kumwaga, na magofu hayana paa hata moja la kujifichia. Mwenzetu mmoja alikuwa ametoka kuugua malaria wiki chache nyuma, akaanza kutetemeka, midomo inabadilika rangi, tukamweka katikati chini ya mbuyu tukamzunguka tumzibe upepo kwa miili yetu. Niliogopa. Nikisoma watu wanaandika "changamoto ndogondogo za usafiri" nawashangaa, mi siku ile niliogopa.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja alikuwa anapita anatoka shambani, kajifunika gunia kichwani. Tukamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba, akatutazama mmoja mmoja akauliza, "Wanangu, leo bamvua, nani kawaleta saa hizi?" Hilo swali sijalisahau. Akatupeleka kwenye kibanda chake, akawasha moto, akatuchemshia mchaichai na muhogo, akamvua mgonjwa wetu lile shati lililolowa akampa kikoi chake. Pesa alikataa kabisa.

Na ndo alitueleza kitu ambacho gesti ilitakiwa itueleze. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji yanakuwa bamvua, yanajaa sana na yanakupwa sana, pwani yetu hii yanaweza kushuka zaidi ya mita 3, na siku za bamvua yakijaa alfajiri basi saa nne asubuhi yamekauka na mpaka yarudi ya kutosha boti ni mchana. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana wala kukupwa sana, ndo huwa na nafuu. Haya mambo mtoto wa Mafia anayajua kabla hajajua kusoma. Sisi wa bara hatuyajui, mwezi wenyewe hatukuuona wiki nzima kwa mawingu, lakini nahodha aliyezaliwa juu ya maji atasemaje hakujua? Mi naamini alijua, akaona akimbize makundi mawili ya wageni kwa mpigo.

Boti ilikuja saa nane mchana. Hakusema pole. Alisema "pandeni haraka."

Lakini hata hiyo ningeimeza. Kilichonimaliza ni mapokezi. Tumeingia tunachuruzika maji, mwenzetu tumemshika huku na huku, mwenye gesti kakaa pale na simu yake, tunamweleza yaliyotokea, hakunyanyua hata uso, akasema, "Si mlijua ni masika? Mvua mmeifuata wenyewe."

Mvua! Mvua imefanya nini? Mvua ndo ilikausha bahari? Mvua ndo ilisema mabegi yabaki kwenye boti? Nilimwambia kaka, hatulalamikii mvua, tunalalamikia maji kupwa na mtu wako kututelekeza, akarudia vilevile, masika ni masika, wageni wenye akili wanakuja Julai. Nilitoka nje nikasimama kwenye hiyohiyo mvua maana ningebaki ndani ningesema maneno ambayo mama yangu hakunifundisha.

Nilitaka niwape nyota moja niishie hapo. Ila haki itendeke, yule mama wa jikoni alisikia yote, akaja kimya kimya na beseni la maji ya moto, akamkanda mwenzetu miguu, usiku akatupikia samaki wa nazi ambaye hatukumwagiza wala hakumwandika kwenye bili. Alikesha mpaka homa iliposhuka. Chumba pia kilikuwa safi na bati halivuji, kwa masika hilo si dogo. Kwa hiyo nikasema basi, nyota tatu, watu wazuri wapo. Alafu asubuhi tunalipa, tunaomba angalau turudishiwe nusu ya pesa ya boti, mwenye nyumba anatuambia boti ilikwenda na ilirudi, adai nani? Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule mama, mwenye nyumba hana yake.

Mkiniuliza kama muende Mafia masika mi nasema nendeni. Dakika ile ile nikimkumbuka mwenzangu anavyotetemeka nasema msiende. Lakini hapana, nendeni, ila kabla hujapanda boti yoyote muulize mzee wa pale, yeyote anayekaa baraza za ufukweni, leo maji ya ngapi, yanakupwa saa ngapi, na mabegi yako shuka nayo.

Wenzangu wanataka turudi mwezi wa nne unaokuja, na huyohuyo aliyeumwa ndo kinara. Nimekubali. Kwenye gesti ile sikanyagi, labda mwenye nyumba aje amwombe msamaha rafiki yetu, kwa mdomo wake, anamtazama usoni, na mvua asiitaje.