Kalenda ya Google kwa likizo za ofisini: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Ofisi yetu iko Arusha. Tuko watu 11, tunashughulikia hesabu na ritani za kodi (fomu za kutangaza kodi) za wateja wadogo: wenye maduka, wenye gesti, kampuni mbili tatu za utalii. Kazi hii ina tarehe zisizosogea. Tarehe 7 ni PAYE, yaani kodi ya mishahara, tarehe 20 ni ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kuna awamu za kodi ya makadirio. Siku hizo mtu akikosekana bila mpango, mteja ndiye anayepigwa faini.

Zamani likizo tuliziandika kwenye kalenda ya ukutani, zile za bure za mwisho wa mwaka. Herufi ya kwanza ya jina, kisha mstari wa kalamu hadi siku ya kurudi. Tulikuwa na N wawili. Fomu zilizosainiwa zilikaa kwenye boksi faili la bosi, kwa hiyo aliyejua ukweli wote ni yeye tu. Mwezi mmoja wote wawili wanaoshika VAT walikuwa likizo tarehe 18, kila mmoja na fomu yake halali. Mmoja alikuwa Rombo, simu haishiki. Usiku wa tarehe 19 nilikesha na ritani za wateja sita, nikisubiri mwenzangu apande hadi mahali penye mtandao aniambie tu risiti za mteja fulani ziko faili gani. Asubuhi nilimwomba bosi aniachie nitengeneze kitu ambacho kila mtu anakiona.

Nilichagua Google Calendar kwa sababu moja: karibu wote tayari walikuwa na Gmail kwenye simu zao, na hailipiwi. Nilikaa kwenye kompyuta, nikafungua kalenda mpya kabisa kwa akaunti ya ofisi, nikaiita "Likizo". Msiifungue kwa akaunti ya mtu binafsi. Siku akiacha kazi mtaanza kuhangaika. Kisha nikaongeza barua pepe za wenzangu mmoja mmoja, nikaweka na sikukuu za Tanzania juu yake. Kila likizo ni tukio la siku nzima, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, na kwenye kichwa ni jina la mtu na la anayemkaimu. Hilo la pili ndilo linaloulizwa zaidi kila siku. Mteja akipiga simu, dada wa mapokezi haulizi tena mtu yuko wapi, anaangalia nani amekaimu.

Mwanzoni niliwapa wote ruhusa ya kuandika. Nilikosea. Mwenzetu mmoja alifuta likizo ya mwingine akidhani anaiondoa kwenye simu yake tu, ikapotea kwa wote. Bahati nzuri kilichofutwa hukaa kwenye pipa siku 30, nikairudisha. Tangu hapo tunaoandika ni mimi na bosi, wengine wanaona tu. Vikumbusho navyo kila mtu anajiwekea vyake: kikumbusho changu hakilii kwenye simu ya mwingine.

Kosa lililoniuma ni jingine. Dada mmoja aliomba ruhusa ya siku chache kwa sababu ya ujauzito ulioharibika. Nami, kwa mazoea ya kunakili fomu, niliandika sababu kwenye maelezo ya tukio. Kwa muda wa saa nzima ilikuwa kwenye simu za karibu ofisi nzima. Yeye alikuwa amewaambia wawili tu. Niliporudi kuifuta, mmoja alikuwa ameshamtumia pole. Nilikwenda kwake jioni, nikakaa naye, nikamwomba radhi. Alinisamehe, lakini mimi sijaisahau sura yake. Taarifa za afya ya mtu zina ulinzi wa pekee kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo sheria, heshima tu ingetosha. Sasa kalenda yetu ina neno moja, "Hayupo", iwe ni likizo ya mwaka, uzazi, ugonjwa au msiba. Sababu inabaki kwenye fomu, ndani ya boksi lenye kufuli.

Sasa nije kwenye Desemba. Zaidi ya nusu yetu kwao ni Kilimanjaro, na mwisho wa mwaka kila mtu anataka kupanda nyumbani. Aliyewahi kumwona bosi ndiye aliyepata. Nilipokuwa naingiza fomu za zamani ili tuwe na kumbukumbu, niligundua kwamba dada yetu mmoja wa Kigoma alikuwa amebaki ofisini Desemba tatu mfululizo. Hakuwahi kulalamika, na hakuna aliyekuwa ameona, mimi nikiwemo, ninayekaa meza ya pili kutoka kwake. Nilimwonyesha bosi Desemba zote tatu kwenye skrini. Alinyamaza muda, akasema mwaka huu anaanza dada huyo. Siku hizi maombi ya Desemba yanaingia kabla ya tarehe 30 Septemba yakiwa na neno "OMBI", na kabla ya kukubali tunarudi nyuma kuangalia nani alikwenda mwaka jana.

Kitu ambacho kalenda hii haifanyi ni kuhesabu salio la siku, yaani siku za likizo zilizombakia mtu. Bado ninatumia Excel pembeni. Ila imemaliza ubishi wa zamani: sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 28 mfululizo, wikiendi na sikukuu zikiwa ndani. Mtu akitoka 9 Desemba kwa siku zote 28, anaripoti 6 Januari. Tulibishana sana juu ya hilo, lakini mtu akiona mstari umepita juu ya Jumapili na Krismasi anaelewa. Kuidhinisha nako hakumo. Fomu ya karatasi na saini vinaendelea.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ofisi ya watu hamsini itahitaji programu ya kulipia inayohesabu salio, kwa tulivyo sisi inatosha.

Mzee wetu wa masijala anatumia kitochi, hana Gmail wala haitaki. Kila Ijumaa namchapishia mwezi mzima kwenye A4, anabandika pale pale ilipokuwa kalenda ya ukutani, na wengi wenye simu kubwa bado husimama pale kusoma wakisubiri chai.