Mwezi mmoja na programu ya mafumbo ya hesabu: uzoefu wangu

Binti yangu yuko darasa la saba. Kuzidisha, kugawanya, MAGAZIJUTO (ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), huko hana shida. Mpe fumbo sasa, lile swali la maelezo, anaganda. Anaokota namba zote anazoziona anazizidisha, basi. Ndiyo maana nikapakua programu ya simu inayopiga picha swali na kulifanya hatua kwa hatua kwa Kiswahili. Wiki ya kwanza bure, kisha nikalipia mwezi.

Tulianza na swali la mayai. Mfanyabiashara kanunua trei 5 kwa sh. 9,000 kila moja, kila trei ina mayai 30. Mayai 10 yakavunjika, yaliyobaki akayauza sh. 400 kila moja. Alipata faida kiasi gani? Mtoto alishaandika 9,000 × 30. Programu haikugusa namba kwanza, iliuliza: tunatafuta nini? Faida. Ili tuipate tunahitaji nini? Mauzo na gharama. Gharama 5 × 9,000, ni 45,000. Mayai 150 toa 10, yanabaki 140. Mauzo 140 × 400, ni 56,000. Faida 11,000. Kila hatua inafichwa mpaka ubonyeze. Kwenye yale mayai 10 alisimama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe yaliyovunjika nayo alishayalipia!" Hapo nikaona hela yangu haijapotea.

Kasoro sasa. Basi liliondoka Dar es Salaam saa 2:30 asubuhi, likafika Morogoro saa 6:30 mchana, umbali kilomita 192. Tafuta mwendokasi wa wastani. Programu ikasoma saa kizungu: saa 2:30 ikaifanya usiku wa manane, saa 6:30 ikaifanya jioni. Safari ya saa 16! 192 ÷ 16, kilomita 12 kwa saa, na hatua zote zimepangwa vizuri kabisa. Binti akaniangalia: "Mama, hili basi lilikuwa linasukumwa?" Nilipoandika upya 8:30 hadi 12:30 ikatoa saa 4, kilomita 48 kwa saa. Lakini mtoto anayefanya peke yake nani atamwandikia upya?

Lugha nayo inachechemea. Swali la kengele mbili zinazolia pamoja lilitaka KDS, kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote mbili bila baki, kama wanavyofundishwa darasani. Programu ikaja na "kizidishio cha kawaida cha chini kabisa". Mimi mwenyewe nilisoma mara tatu.

Na hicho kitufe cha "hatua inayofuata" ni mtego. Nikigeuka kuangalia chungu jikoni, mwanangu keshabonyeza mpaka jibu, ananakili. Siku hizi simu nakaa nayo mimi. Anaandika kwanza kwenye daftari kinachotafutwa, anafanya mpaka atakapokwama, ndipo tunafungua hatua moja tu. Inachukua muda, maswali matatu kwa jioni, lakini ile tabia ya kuzidisha kila kitu imepungua sana.

Nyota tatu kati ya tano. Nimelipia mwezi wa pili. Maswali ya saa tunayafanya wenyewe.