Nishani ya Ushindi ndani ya fremu ya shaba: uzoefu wangu na karakana moja ya Kamalondo

Nishani niliyoipeleka kwa mafundi hawa ni ya babu wa baba yangu, askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Ubelgiji, katika mapigano ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia yaliyofikia kilele kwa kutekwa kwa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Ni Nishani ya Ushindi ya Ubelgiji, iliyosanifiwa na mchongaji Paul Du Bois: kipande cha shaba nyeusi (bronzi) chenye upana wa milimita 36 na sura ya mwanamke mwenye mabawa upande wa mbele, kinachoning'inia kwenye utepe wa rangi za upinde wa mvua.

Hapa Lubumbashi karakana hiyo ya mtaa wa Kamalondo inajulikana zaidi kwa picha za shaba za kufuliwa kwa nyundo na mapambo ya malakiti (jiwe la kijani), kwa hiyo nilihofu kwamba wangeisugua nishani hadi ing'ae kama sufuria mpya. Mzee mwenye karakana alikataa kabla sijasema neno. "Mama, hii rangi ya kahawia ndiyo ngozi yake," aliniambia, akanionyesha kwa kioo cha kukuzia kwamba dawa ya kung'arishia ingekula kwanza sehemu zilizoinuka, yaani uso wa yule mwanamke mwenye mabawa na mikunjo ya vazi lake. Aliondoa vumbi kwa brashi laini, kisha madoa ya kutu ya kijani kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, akauacha utepe bila kuufua ili rangi zisichujane.

Niliagiza kioo pande zote mbili, na ninawashauri wengine wafanye hivyo, ingawa bei hupanda. Kisanaa, upande wa mbele ndio bora. Lakini nyuma yameandikwa, kwa Kifaransa na Kiholanzi, maneno yasemayo kwamba Vita Vikuu vilipiganwa kwa ajili ya ustaarabu. Maneno hayo walivishwa kifuani watu wa jeshi ambalo kuchapwa mjeledi wa kiboko kulikuwa bado adhabu yake halali, na wapagazi waliobeba risasi na chakula chao, maelfu kwa maelfu, hawakuvishwa chochote. Anayeficha upande huo ukutani anaficha nusu ya historia yetu.

Kazi iliyonigusa zaidi ni kibao kidogo cha shaba chini ya nishani. Waingereza walipiga jina la askari kwenye ukingo wa nishani zao za vita hivyo. Wabelgiji walizitoa bila jina, hivyo ikitoka mikononi mwa ukoo haina tena mwenyewe. Fundi alifua jina la babu na maneno "Tabora 1916" herufi kwa herufi, zikapishana kidogo kimo, nami nikakataa alipotaka kuzirudia kwa mashine.

Kasoro zipo. Ahadi ya siku ya kuchukua kazi haikutimizwa, na ndoano ya kutundikia ilikuwa nyembamba mno kwa uzito wa vioo viwili na shaba. Waliibadilisha bila malipo, lakini nililazimika kudai. Kioo chenyewe ni cha kawaida, hakizuii jua, kwa hiyo fremu isikae mkabala na dirisha, la sivyo utepe utafifia. Nililipa dola 60, nusu yake kabla ya kazi kuanza. Mwenye nishani iliyo na hati yake ya karatasi atafute fundi mwingine wa hiyo hati, maana hapa karatasi hawaishughulikii.