Fundi wa maji moto: kachelewa siku mbili, lakini nitamwita tena

Anayedhani Dodoma ni joto tu, aje alale kwangu mwezi wa Sita upepo ukianza. Gesti yangu ina vyumba sita, na miaka yote tumechemsha maji kwa mkaa na kupeleka ndoo mlango kwa mlango. Mwaka huu nikanunua boila ya umeme ya lita 150, bomba za PPR (plastiki ngumu inayounganishwa kwa kuchomwa moto) ziende kila bafu.

Fundi wa kwanza, simtaji, alichoma bomba, akafukia, kesho yake plasta. Wiki ya pili ukuta wa chumba namba 4 ukaanza kutoa jasho. Tukabomoa.

Huyu wa pili nilielekezwa na muuza vifaa pale Majengo. Siku mbili hakutokea, simu hapokei, maneno yake nikawa nimeshayaandaa. Alipofika akaniuliza, "Mama, hizi bomba zilipimwa presha?" Nilikuwa sijui hata kama zinapimwa.

Akaziba midomo yote kwa plagi. Boila hakuifunga kwanza: presha ya kupimia ingefungua sefti valvu yake, ile inayomwaga maji presha ikizidi, kwa hiyo hapo akaunganisha laini ya moto na ya baridi kwa mpira. Akajaza maji koki ya juu kabisa ikiwa wazi. Ikakohoa hewa weee, mpaka maji yakatoka mfululizo. Ndipo akaleta pampu ya mkono yenye geji, akasukuma hadi bar 10 (bar ni kipimo cha presha). Tenki langu liko mita 6 juu, halitoi hata bar 1, nikaona anatupotezea muda tu. Fundi tailizi naye kanuna pembeni.

Mshale ukashuka kidogo. Akasema PPR hutanuka mwanzoni, akaongeza presha. Nusu saa baadaye ukasoma 8. Hapo akaacha stori, akachukua tishu na tochi, akawa anapapasa elbo, zile kona za bomba, moja baada ya nyingine. Chumba namba 2, nyuma ya sinki, tishu ikalowa. Tone lenyewe dogo kama kichwa cha kiberiti! Akakata, akachoma upya, akasukuma tena, geji ikalala hapo. Asubuhi mshale haujasogea, ndipo akaruhusu kufukia.

Kasoro: pampu kanitoza 30,000 kando bila kunitaarifu, na vipande vya bomba kaviacha uani.

Maji yetu yana chumvi, birika langu ni shahidi. Joto kaliweka nyuzi 60, eti nikizidisha ukoko utaganda haraka. Kaahidi kuja kuifungua boila na kuusafisha ukoko tarehe 10 Novemba. Kwenye kalenda nimeandika 12.