Mfereji wa zege au bonde la mafuriko? California ilijaribu yote mawili

Baada ya mafuriko ya 1938, Mto Los Angeles ulinyooshwa na sehemu kubwa ya kilomita zake 82 ikafunikwa zege. Maji hufika baharini haraka, na mji umelindwa. Lakini zege limezuia maji kuzama ardhini, miti ya kingoni imetoweka, na samaki wa jamii ya samoni waitwao steelhead waliokuwa wakipanda mto huo hawapo tena. Sehemu ya Glendale Narrows ilibakizwa na sakafu ya udongo kwa sababu maji ya chini ya ardhi yako juu mno. Humo ndimo utakapoona mierebi na ndege aina ya korongo leo.

Karibu na Sacramento walichagua njia nyingine: Yolo Bypass, bonde la takriban hekta 24,000 lililozungushiwa matuta. Mto Sacramento ukijaa, maji huruka kizingiti cha Fremont na kutandaa bondeni. Kiangazi wakulima hulima mpunga humo humo. Watafiti waligundua kuwa samoni wachanga hukua haraka zaidi bondeni kuliko mtoni, kwa kuwa maji ya kina kifupi yana joto na chakula tele.

Bonde nalo lina madhara yake. Samaki wakubwa wamekuwa wakikwama kizingitini maji yakipungua, na zebaki iliyoachwa na machimbo ya zamani hugeuka sumu kali zaidi kwenye tope lenye unyevu.

Hata hivyo, kwangu mimi, penye nafasi bonde lichaguliwe. Madhara yake yanarekebishika: Fremont tayari wamejenga njia ya samaki. Kubomoa zege lililokwisha kuzungukwa na mamilioni ya watu ni kazi ngumu mno.